Benchi la Waongo

Ukifika Mazwi, hapa Sumbawanga mjini, ukauliza gereji ya Fundi Zenon, watu hawakuonyeshi gereji, wanakuonyesha benchi. Ni ubao mmoja wa mninga uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, umeegemea ukuta upande usiopigwa na upepo. Kila mwenye gari akiingia pale huelekezwa akakae huko kabla hajafungua mdomo. Zenon mwenyewe ndiye aliyelibatiza, akaliita Benchi la Waongo. Wamekaa pale walimu, wamekaa wafanyabiashara wa mahindi, na paroko mmoja alikaa pale na kanzu yake akisubiri, mikono mapajani, kama mtoto wa mafundisho.

"Mwenye gari," husema Zenon, "ni kama mtoto aliyevunja sahani. Ukimuuliza sahani iko wapi, anaanza kukusimulia nani alikuwa jikoni." Kwa hiyo yeye haulizi. Anawasha injini, anakanyaga mafuta, anainamisha kichwa upande wa sikio la kulia, analotamba kwamba ndilo alilopewa na Mungu kwa kazi hiyo, halafu anatoa hukumu. Mara nyingi anapatia, hilo hatumnyimi. Akikosea, basi kosa ni la spea za siku hizi.

Sasa mtu wa namna hiyo ungedhani akivua ovaroli anarudi kuwa binadamu wa kawaida. Wapi. Nyumba yake na gereji ni uwanja mmoja, na tabia ni ileile. Bertilla mkewe akikohoa, Zenon ndiye anayemwambia anaumwa nini. Binti yao Lydia alipomaliza shule, baba aliusikiliza mwendo wake barazani akatangaza kwamba huyu atakuwa nesi. Lydia akawa mwalimu. Mpaka leo Zenon anasema alisikia nesi, na kwamba muda bado upo.

Na kuna koti. Sumbawanga yetu hii, mwezi wa saba upepo ukianza kukata masikio, kila mtu ana koti, lakini la Zenon, ambalo halivui mwaka mzima, ni habari nyingine. Ni la mtumba, zito kama godoro, lilikuwa la kijani enzi hizo, na mifuko yake ni stoo ndogo: plagi kuukuu, nati zisizo na bolti, matambara, rozari ya marehemu mama yake, na karanga za kutafuna. Chochote anachokishika akiwa anafikiri kinaishia mfukoni humo. Bertilla alishanyoosha mikono. Kulifua, alisema, ni sawa na kufua duka.

Basi mambo yalianza Pasaka. Lydia anafundisha kule Kaoze, bondeni, na alikuja likizo akiwa amepanda pikapu ya kijana mmoja anaitwa Kija, mwana wa Masalu. Hao ni Wasukuma, walishuka bonde la Rukwa na ng'ombe wao zamani kidogo, siku hizi wanalima na mpunga, na Kija ndiye anayeupandisha mchele mjini. Zenon siku hiyo alikuwa amelala chini ya lori. Hakuona gari likiingia, alilisikia tu. Lilipanda kilima cha kuingilia gereji kwa kukohoa, likaruka, likakohoa tena, likafika getini kwa kujikokota. Alipojitoa chini ya lori, vijana walikuwa wameshashuka na wamesimama, Kija kavua kofia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa pale."

Kija akaenda akakaa kwenye benchi. Alipotaka kusema neno, Zenon akamnyooshea kidole: hapa mwenye gari ananyamaza. Akaizunguka pikapu. Akafungua boneti, akavuta kijiti cha oili, akafungua tangi akainusa petroli kwa pua zote mbili kama anayenusa maziwa ya jana. Akawasha, akakanyaga, akazima. Kisha akaingia ndani kunywa chai na hakumwambia kijana lolote zaidi ya "safari njema."

Jikoni ndiko alikotoa hukumu. "Huyo hafai."

"Hujamuuliza hata jina la baba yake," Lydia akasema.

"Nimelisikia gari. Mtu ambaye gari lake linakohoa namna ile hana uangalifu. Asiye na uangalifu kwa chuma atakuwa nao kwa mke?"

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Lydia si mtoto mdogo, angeweza kwenda zake. Lakini alishamwambia mama yake wazi kwamba altareni hafiki bila mkono wa baba, na kama baba hataki, basi atabaki na chaki zake. Bertilla akaanza kazi yake ya kila siku, asubuhi kidogo, jioni kidogo, hadi mavuno yalipokwisha Zenon akakubali kuwapokea wazee wa kijana. Kuwapokea tu. Jioni ya kuamkia siku yenyewe akamwambia mkewe bila kuficha: "Watakuja, watakula, watashiba. Halafu nitasema hapana."

"Wazee wa Kija wametuma neno kwamba wanapanda mlima mara moja tu," Bertilla akasema. "Ukiwarudisha, hawarudi."

"Basi watakuwa wameokoa mafuta."

Lydia alikuwa nyuma ya mlango na sahani mkononi. Aliyasikia yote, na usiku huo hakula.

Siku ikafika. Mwenye kuisimamia shughuli upande wa kike alikuwa kaka mkubwa wa Zenon, Timoth, katekista mstaafu, mtu anayeweza kusema "karibuni" ukadhani ni somo la kwanza. Katika ukoo wao posa ina masharti yake. Baba wa binti anakaa ndani, mgongo kwa dirisha. Haendi kupokea. Hasemi neno na upande wa kiume, wala wao kwake, mpaka posa isikilizwe na ijibiwe. Maneno yote yanapitia kwa mshenga na kwa msemaji wa ukoo. Msemaji ni Timoth. Mshenga ni Enock, muuza spea za baiskeli hapo Mazwi, Mfipa aliyekulia bondeni na anayewafahamu wote. Kwa heshima ya kazi hiyo alikuwa amevaa suti, na kwa kuwa ni Enock, alikuwa amekuja na baiskeli.

Zenon naye alivalishwa suti. Koti la kijani likatundikwa nyuma ya mlango, nalo likabaki pale linamtazama. Akakalishwa kwenye kiti akielekea ukutani, kwenye kalenda.

"Na simu nipe," Timoth akasema.

"Simu ya nini tena, kaka?"

"Simu nayo ni mdomo."

Akaitoa. Wakangoja. Nyama ilikuwa inachemka, ugali wa ulezi unasubiri maji yake, na akina mama uani walikuwa wameshaanza kuimba kidogokidogo kujipasha sauti. Ndipo kutoka chini kabisa, pale kwenye mashine ya kusaga, sauti ya pikapu ikaja na upepo.

Zenon akaijua papo hapo. Ilikuwa inanguruma vizuri, taratibu. Kisha mtu akakanyaga mafuta apande kilima, na injini ikameza mate, ikakata. Kimya. Ikawashwa, ikanguruma. Ikakanyagwa, ikakata. Kichwa cha Zenon kikainama chenyewe upande wa kulia.

"Tulia," akasema Timoth.

"Nimetulia."

"Miguu yako haijatulia."

Haukupita muda Enock akaingia anahema, amesukuma baiskeli kilima kizima. Wageni wanaomba radhi, akasema. Gari limegoma kwenye mashine. Likiachwa linanguruma vizuri kabisa, likikanyagwa mafuta linazima. Mzee Masalu amekataa kushuka, anasema hakutoka bondeni kuja kuposa kwa miguu kama mtu anayekimbia njaa. Na anauliza, mzee Masalu, kwa adabu zote za utani, kama huku Sumbawanga magari ya wakwe hufungwa kwa dawa, maana huko walikotoka lilikuwa zima.

Timoth akafikiri. "Mwambie mtani wetu dawa hiyo hatuitumii kabla ya chakula."

Zenon akaikodolea macho kalenda. Kusema na mshenga haruhusiwi, kunyamaza hawezi. Akapata njia. "Kaka," akaiambia kalenda, "mimi nasema na wewe tu, ndugu yangu wa tumbo moja. Hiyo ni filta ya mafuta, imeziba. Kama kungekuwa na mtu wa kuwaambia, angewaambia waifungue waipulize. Lakini kwanza wakague tangi kama mafuta yapo. Wenye magari ni waongo."

Timoth akamgeukia Enock akayarudia yote, neno kwa neno, hata lile la uongo. Enock akapanda baiskeli akateremka.

Wakasikiliza. Gari likawashwa, likakanyagwa, na safari hii likaitika. Likaanza kupanda, tena kwa nguvu. Zenon akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine.

"Umesikia, kaka? Filta."

Akina mama wakaanza vigelegele. Vigelegele vikiwa bado hewani, gari likafika kwenye bomba la maji la mtaa, likameza mate, likakata.

Zenon akashusha mguu.

Enock akaja tena, tai imehamia begani. Filta wameipuliza, akasema, na mafuta wamekagua, yapo tele. Kija amejaza tangi mpaka mdomoni hapa mjini kwa heshima ya siku. Lakini ugonjwa umerudi uleule.

"Kaka," Zenon akaiambia kalenda, "filta ilikuwa mbovu, hilo halina ubishi. Ila sasa na pampu nayo imechoka, haivuti mafuta mengi. Kama kungekuwa na mtu, angewaambia waigonge taratibu na mpini wa spana. Na wakague tangi tena, lisije likawa linavuja."

Wakagonga. Wakakagua. Gari likaitika vizuri tu, likapanda, Zenon akapandisha mguu, vigelegele vikaanza, na kwenye ua wa jirani wa pili, ukuta wa nyumba ukiwa unaonekana kabisa, likakata. Jamani, ukiwa umeketi pale sebuleni ungecheka hadi ushike mbavu, na Bertilla alikuwa anacheka kweli, jikoni, mdomo ndani ya kanga. Maana kila Zenon alipokosea, wageni walisogea. Angekosea mara moja zaidi wangekuwa mezani.

"Kabureta," akasema Zenon kabla Enock hajafika. Lakini sauti haikuwa ileile.

Enock alikuja kwa miguu, baiskeli kaiacha. "Mzee Masalu anasema," akahema, "kama mkwe ndiye fundi wanayemsifia huko bondeni, basi Rukwa nzima ina sikio moja tu, nalo leo lina mafua."

Hata Timoth alitazama pembeni. Zenon hakuudhika. Alikuwa amefika mahali ambapo hajafika siku nyingi, mahali pa kutojua. Filta ilileta nafuu, nafuu ikaisha. Pampu ikaleta nafuu, nafuu ikaisha. Dawa gani hiyo inayoponya kila mara kwa muda wa kupanda nusu kilima? Alikuwa ametoa hukumu mbili mbele ya kalenda, na zote mbili sasa zilimtia aibu. Na ndani ya aibu hiyo mlikuwa na jambo jingine lililomchoma zaidi. Kama sikio lake limekosea leo mara mbili, Pasaka je?

Akajikohoza. "Kaka. Kama kungekuwa na mtu... angemuuliza kijana hii kitu ilianza lini."

Bertilla akatokea mlangoni na mwiko mkononi kuja kuona ni nani aliyesema. Miaka yote ya ndoa, gereji na ibada, hakuna aliyewahi kumsikia Zenon akimtafuta mwenye gari amuulize kitu. Enock mwenyewe ilibidi arudiwe swali mara mbili ndipo akaondoka, tena akikimbia.

Jibu likarudi: "Kija anasema haina siku maalumu. Gari ni la zamani tu."

"Mwongo," akasema Zenon, kwa raha ya mtu aliyerudi kwenye nyumba anayoijua. Injini haiumwi bila siku. Lakini alipogeuza shingo alimwona Lydia nyuma ya mama yake, mahali ambapo binti anayeposwa hatakiwi kuwa. Lydia alikuwa amefungua mdomo, akawa ameufunga. Macho yake yalikuwa mekundu tangu asubuhi na hakuna aliyemuuliza.

Zenon akainuka.

"Ukivuka kizingiti hicho umevunja masharti," Timoth akasema.

"Nimevunja." Akachomoa koti nyuma ya mlango, akalivaa juu ya suti, akatoka.

Nje mtaa mzima ulikuwa umekaa tayari. Mzee Masalu alikuwa kwenye kiti cha mbele amejifunga blanketi mbili, amebaki macho na kofia. "Mtani," akasema, "ndivyo mnavyopokea wageni? Mnawatolea upepo?"

"Marahaba," akajibu Zenon, ambaye hakuwa amesalimiwa. Sikio lake lilishakwenda kwenye injini zamani. Akamwashiria Kija awashe. Ikanguruma. Akaashiria akanyage. Ikameza mate, ikakata. Akaanza kuizunguka pikapu kama alivyoizunguka Pasaka, na alipofika ubavuni kwenye mdomo wa tangi akasimama.

Mfuniko haukuwepo. Pale palikuwa na gunzi la mahindi. Tena halikuchomekwa ovyo kama kwenye dumu la pombe, hapana, lilikuwa limevishwa mfuko wa nailoni, juu yake mpira wa tyubu umezungushwa na kukazwa vizuri, kazi ya mtu aliyeogopa tone moja lisimwagike kwenye kona za kupandia mlimani. Zenon akalishika akavuta. Likagoma. Akavuta tena, na ilikuwa kama mtu yuko ndani ya tangi anavuta upande wake. Alipolinyonga, likatoka, na tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu, ambayo kwenye upepo ule mwingine yeyote asingeisikia.

Akafumba macho. "Washa," akasema. "Kanyaga. Kanyaga mpaka chini."

Injini ikaunguruma hadi kuku wa jirani wakaruka ua.

Kumbe. Umewahi kumwona mtoto anavyonyonya maji ya chupa ya plastiki bila kuachia mdomo? Chupa inajikunja, maji yanagoma. Mafuta yakitoka tangini, hewa lazima iingie mahali pake. Mfuniko wa kiwandani una kitundu cha kupumulia. Gunzi la Kija lilikuwa zuri mno, halikuacha nafasi hata ya sisimizi. Injini ikinguruma tu ilitosheka na kidogo, ikikanyagwa ilitaka mengi, tangi likagoma kutoa. Na leo kijana alilijaza mpaka mdomoni, hewa ya kuanzia haikuwepo. Filta haikuwa na kosa, wala pampu. Kilichowapandisha wageni kilima ni lile neno lake la mwisho kila mara, wakague tangi, kwa sababu wenye magari ni waongo. Kila walipolichomoa gunzi kuchungulia, tangi lilipumua.

Zenon alijisikia kuwa fundi tena, na fundi huyo akaanza kufoka. "Mtu mzima unaziba tangi kwa gunzi? Mfuniko wake uko wapi? Unatembea na gari milimani miezi yote hii, mfuniko huna, unanileteaje..." Huku akisema alikuwa anatafuta tambara la kufutia mikono. Akachovya mkono mfukoni akatoa plagi. Akatoa rozari. Akatoa karanga kiganja kizima, akampa Enock azishike. Kisha akatoa mfuniko wa tangi.

Akautazama. Akautazama mdomo wa tangi. Akauweka, akauzungusha, ukalia tiki, ukakaa.

Pasaka yote ikamrudia, alivyofungua, alivyonusa, alivyosimama pale mfuniko mkononi akimfikiria kijana vibaya.

"Ulijua ninao?" akauliza.

Kija aliangalia viatu vyake. "Nilijua, baba. Nilipofika lami nikaona haupo, nikakumbuka. Nilipomwambia Lydia alitaka akuulize, nikamkataza. Nimetafuta mwingine madukani, wa gari hili haupatikani."

"Kwa nini hukuja kuuchukua?"

"Ulikuwa umeniambia ninyamaze." Hakuwa anakejeli, na ndiyo maana ilichoma. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo: "Na nilikuwa nakuja kuomba mtoto, baba. Sikuona vizuri nianze kwa kudai mfuniko."

Ndani ya blanketi mbili mzee Masalu akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kutikisa pikapu. "Mtani," akasema, "kwetu mkwe akitaka kitu cha mtu huomba."

Zenon aliona aibu, aibu kamili, ya kumpasha masikio yote mawili. Akageuka akamkuta Timoth nyuma yake, mikono mgongoni.

"Baba wa binti ametoka nje," Timoth akatangaza, "amesema na upande wa kiume kabla ya posa, na amekutwa na mali yao mfukoni. Ukoo unamtoza adhabu. Leteni lile benchi."

Wakalileta. Rimu zikaingia kwanza, kisha ubao, likawekwa katikati ya sebule mahali pa kile kiti cha heshima, na Zenon akakaa juu yake na koti lake juu ya suti, mbele ya wageni wote. Posa ikasomwa. Enock akaisema yote, mifugo, mashamba, ukoo, heshima, na jinsi kijana alivyoona ua katika nyumba hii. Ikafika zamu ya kujibu. Bertilla alikuwa ameacha kucheka. Lydia alikuwa ameitwa na kusimama karibu na mlango, ameinamisha kichwa, kwa sababu lile "hapana" alilolisikia nyuma ya mlango lilikuwa halijafutwa na mtu.

"Baba wa binti amesikia," akasema Timoth. "Ana neno?"

"Nina swali."

Bertilla akashika ukuta.

"Kaka, muulize kijana. Mfuniko tumeuelewa. Lakini siku ile ya Pasaka, alipokuwa anapanda kilima hiki mara ya kwanza, mfuniko ulikuwepo. Gari lilikuwa linakohoa nini?"

Timoth akauliza. "Hakukuwa na sababu maalumu," Kija akasema. "Gari ni la zamani tu."

Zenon alilitambua jibu lile. Safari hii hakumwita mwongo. Akamgeukia Lydia, kwa namna ambayo kila mtu alijua anauliza kweli na anangoja. "Na wewe, mwanangu? Unasemaje?"

Lydia akainua uso. "Nilikuwa naendesha mimi, baba. Ananifundisha. Kilima kilinishinda, mguu wa klachi ulikuwa unaniruka." Akajifuta macho kwa kiganja. "Nilitaka nikuonyeshe. Hukuuliza."

Hakuna aliyecheka, hata Masalu. Zenon alikaa mikono magotini pale walipokaa walimu na paroko, na ilionekana kama analisikia gari lile upya, kukohoa kwake kote, kuruka kwake kote, likimleta mtoto wake nyumbani.

"Kaka," akasema, "waambie wageni tumekubali."

Vigelegele vikapasuka uani na safari hii hakuna kilichovikata. Bertilla alikimbilia jikoni kusonga ugali, akakuta maji yamekauka, akaweka mengine huku analia. Katikati ya kelele hizo Zenon akajisogeza mwisho wa benchi, akapiga ubao kwa kiganja mara mbili pale alipoacha nafasi.

"Njoo ukae," akamwambia Lydia. "Uanzie mwanzo. Nasikiliza."